Kolar: mugodi wa dhahabu uliofungwa, na mambo mengine ya kuona kusini mwa India

Familia nyingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi zilizofika India hazikwenda kutembea. Zilienda na mugonjwa. Kule Bengaluru (wengi wetu tunasema bado Bangalore) munganga anapima, kisha anasema: rudieni baada ya siku tano. Hizo siku tano njo tatizo. Mugonjwa analala, mwenye kumusindikiza anahesabu makuta na kuangalia ukuta wa chumba. Sisi tulimupeleka mama mukubwa wetu, na siku ya pili yeye mwenyewe alitufukuza: «Mutoke, mukaone inchi ya watu. Mimi sitakufa leo.»

Tukaanzia karibu, katika bustani ya Lalbagh, ndani ya mji. Hyder Ali aliianzisha mwaka 1760. Iko na miti ya kale na nyumba ya vioo ya 1889, lakini mutu wa mugodi hatakawia kwenye maua. Ataenda moja kwa moja kwenye mwamba: jiwe moja kubwa, wazi, kama mgongo wa tembo aliyelala, ambalo wataalamu wanalipa umri wa miaka karibu milioni 3 000. Kupanda ni rahisi, hata kwa mama mwenye viatu vya kanisa. Jioni mji wote unaonekana pale juu.

Siku ya tatu, treni mpaka Mysuru, kama kilometa 145. Jumba la mufalme la zamani, la mbao, liliungua mwaka 1897. Hili la sasa lilimalizika 1912. Siku ya Mungu jioni wanawasha taa zake, karibu 100 000, zote kwa mara moja, na watu wanapiga kelele kama kwenye goli. Ukipata kufika wakati wa sikukuu ya Dasara, Septemba ama Oktoba, utaona tembo akibeba kiti cha dhahabu cha kilo kama 750. Tuliuliza dhahabu hiyo ilichimbwa wapi. Kila mutu alitupa jibu lake.

Kutoka Mysuru barabara inaingia pori la Bandipur, ambalo tangu 1973 linalinda simbamarara. Sisi hatukumuona. Tuliona tembo na watoto wao, swala wa madoa wengi, na tausi akitembea katikati ya barabara kama mwenye mali. Jambo lililotushangaza ni kizuizi: tangu 2009, kuanzia saa tatu za usiku mpaka saa kumi na mbili za asubuhi, malori hayapiti, kwa sababu yalikuwa yanaua nyama. Watu wa upande wa Kerala wananung'unika mpaka leo. Tulifikiri barabara ya Likasi–Kolwezi na malori yake, tukacheka kidogo.

Lakini safari tuliyotaka kuwaambia ni ya Kolar.

Kutoka Bengaluru ni kama kilometa 100 upande wa mashariki. Kisha Bangarapet treni inaacha njia kubwa na kuingia kwenye reli ndogo, na vituo vyake viko na majina ya migodi: Coromandel, Oorgaum, Champion. Mwisho ni Marikuppam. Kampuni ya Waingereza, John Taylor & Sons, ilianza kazi pale mwaka 1880. Shimo la Champion Reef lilishuka zaidi ya kilometa tatu. Batu ya Kipushi, ninyi munajua shimo lenu linapita kidogo kilometa moja, hesabuni wenyewe. Chini kabisa mwamba wenyewe ulipita digrii 60, na mara nyingine ulipasuka bila kutoa habari na kufunika watu. Wengi waliochimba walikuwa Watamil masikini, wa tabaka lililodharauliwa, waliokuja kutafuta mushahara.

Umeme ulifika pale mwaka 1902, toka maporomoko ya Shivanasamudra, karibu kilometa 150. Mji wa Bangalore ulipata taa za barabara 1905. Mugodi kwanza, watu baadaye. Wasomaji wanaojua waya wa Inga unapita juu ya vijiji gani mpaka kufika Kolwezi hawatashangaa.

Tarehe 28 Februari 2001 serikali ilifunga mugodi. Dhahabu ilibaki kidogo, na kuitoa kulikuwa na bei kuliko kuiuza.

Leo minara ya mashimo inasimama, magurudumu yake yameshika kutu. Milima ya mabaki iko pale, ya rangi ya manjano, na ukimuonyesha mutoto wa Lubumbashi atasema: terili yetu! Lakini hii ilitoka kwenye maji ya sianidi, na upepo ukivuma mavumbi yanaingia ndani ya manyumba. Ndani ya migodi mutu haingii. Maji yamejaza mashimo. Mutazame toka barabarani, na watoto wasicheze kwenye vilima hivyo, hata kama vimejulikana kwa sababu ya sinema.

Makambi bado yanakaliwa: nyumba ndogo za chumba kimoja, zimepangwa mistari, zimefagiliwa vizuri. Katika hoteli ndogo karibu na kituo tulikula ragi mudde, bukari ya ulezi, imefanywa tufe, unakata kwa mukono na kuchovya katika muchuzi. Hakuna aliyetufundisha namna ya kula.

Pale mzee mmoja aliyefanya kazi chini ya udongo alikaa nasi. Alisema wenzake wengine walizeeka wakidai malipo na hati za nyumba wanamoishi. Watoto wake wawili wanapanda treni kila asubuhi kwenda Bengaluru, mmoja mlinzi, mwingine dukani, na wanarudi usiku. Kisha akatuuliza kwetu tunachimba nini. Tukamujibu: shaba na kobalti.

– Mumebakiza miaka mingapi?

Tukaangaliana. Mmoja wetu akasema ishirini, mwingine akasema hamsini. Mzee akaagiza chai nyingine, tukaanza kuulizana watoto wetu wanasoma nini.

Treni ya kurudi ilikuwa imejaa. Mama mukubwa tulimukuta ameketi kitandani, anatungoja, na alitaka kusikia kwanza habari ya bukari.