Kivu Kusini: Bwaki inapona, lakini alama yake hukaa mwilini miaka mingi

Mtoto aliyefikishwa hospitali ya Lwiro, wilayani Kabare, mwaka 1990, miguu imevimba na nywele zimegeuka rangi, leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Alitibiwa, akapona, akarudishwa nyumbani. Kwa familia yake jambo lilikwisha siku ile. Kwa mwili wake bado.

Hayo yameonyeshwa na watafiti wa Bukavu pamoja na wenzao wa Ubelgiji, waliorudi vijijini kuwatafuta watu waliotibiwa utapiamlo mkali pale Lwiro kati ya mwaka 1988 na 2007. Waliwapata miaka 11 hadi 30 baada ya kutoka hospitalini. Wakawalinganisha na watu wa umri wao, wanaoishi nao jirani, ambao hawakupata ugonjwa huo utotoni. Wale waliougua walionekana kuwa na dalili nyingi zaidi za hatari ya magonjwa kama kisukari na ya moyo. Hata upande wa masomo na kazi za akili, walikuwa nyuma ya wenzao.

Kwa hiyo tunapozungumzia chakula cha mtoto, tunazungumzia pia presha na sukari ya mtu wa miaka 40. Ni vigumu kuliona hilo wakati sahani iko tupu leo.

Ugonjwa wenyewe wakaaji wa Kivu wanaujua kwa jina la bwaki. Waganga duniani wanauita kwashiorkor, neno lililotoka kwa Waga wa Ghana na kuingizwa katika vitabu vya uganga na daktari Cicely Williams miaka ya 1930. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mwingine anakuja. Mama yeyote wa Walungu ao Kabare angeelewa mara moja. Mimba inaingia, mkubwa anaachishwa ziwa kabla ya miaka miwili, na kinachochukua nafasi ya maziwa ni bugali ya muhogo na mchuzi wa majani.

Wengi wanaamini maziwa ya mama mjamzito yanaharibika na yatamdhuru mtoto. Si kweli. Kwa kawaida mama mwenye mimba isiyo na matatizo anaweza kuendelea kunyonyesha, mradi yeye mwenyewe aongezewe chakula. Hapo ndipo shida inapoanza: nani atamwongezea? Katika nyumba nyingi samaki anapopikwa, kipande kikubwa kinakwenda kwa baba, na mama anakula mwisho, akifuta chungu. Mwandishi wa habari hii haoni kwa nini desturi hiyo iendelee kuheshimiwa.

Bwaki ni sura ya utapiamlo inayoonekana. Iko nyingine isiyoshtua mtu: mtoto anayebaki mfupi kuliko umri wake, na majirani wanasema ndivyo ukoo wao ulivyo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013-2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa hivyo. Kimo kinachopotea katika siku 1000 za kwanza, tangu mimba hadi mtoto anapofikisha miaka miwili, ni vigumu sana kukirudisha baadaye.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita, bila hata maji. Ushauri huo wa maji ndio unaovunjwa zaidi. Jua likiwaka, bibi anasema mtoto ana kiu, anapewa kijiko cha maji ya mto, na kuhara kunaanza. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha ndani yake.

Baada ya miezi sita, uji. Lakini uji wa unga wa muhogo mtupu, mwepesi, unajaza tumbo dogo la mtoto bila kumjenga. Ndiyo sababu vituo vya afya vinafundisha kuchanganya mahindi, soya na mtama, mchanganyiko unaoitwa masoso. Soya lazima ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, la sivyo tumbo la mtoto halitaweza kuitumia. Asiye na soya anaweza kusaga sambaza waliokauka na kutia kijiko katika uji, pamoja na mafuta kidogo ya mawese mekundu, yenye vitamini A. Sambaza waliletwa katika ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, na hadi leo ni moja ya nyama za bei nafuu kando ya ziwa. Wanaliwa na mifupa yao, jambo linalomfaa mtoto anayekua. Na dende anayefugwa jikoni si wa kuuzwa tu.

Muhogo hatutauacha, na hakuna anayetuomba tuuache. Unavumilia udongo uliochoka, na mwenye shamba akikimbia vita anaweza kuukuta bado ardhini. Lakini muhogo mchungu una sumu ambayo hutoka ukilowekwa siku tatu hivi na kukaushwa vizuri. Watu wanapoharakisha, siku moja tu majini, sumu inabaki. Ikikutana na mwili usiopata nyama, samaki wala maharagi, inaweza kuleta konzo: miguu inakakamaa ghafla na haiponi tena. Ugonjwa huo ulielezwa kwanza huko Kwango mwaka 1938, na mwaka 2011 watafiti waliandika juu ya wagonjwa wa Burhinyi, wilayani Mwenga. Wanawake na watoto ndio wanaopatwa zaidi.

Kisiwani Idjwi muhogo huo huo ulihusika katika jambo lingine. Tangu miaka ya 1960 waganga walichunguza huko uvimbe wa shingo, na wakakuta kwamba udongo hauna iyodi ya kutosha, halafu muhogo unauzuia mwili kutumia hata ile kidogo iliyopo. Mama asiye na iyodi akipata mimba, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi ao akili yake isikue. Dawa yake ni chumvi yenye iyodi, ihifadhiwe mahali pakavu na ndani ya chombo kilichofunikwa.

Msichana akianza kupata hedhi anahitaji madini ya chuma kuliko kaka yake, kwani anapoteza damu kila mwezi. Maharagi na lenga-lenga vinayo. Limau kidogo juu ya mboga husaidia mwili kuyapokea, na chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Inywewe baadaye.

Kwa wazee mambo yanageuka. Meno yamepungua, nyama inashinda kutafunwa, na mzee anabaki na bugali na mchuzi wenye chumvi kali. OMS inataka mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja kidogo cha chai, na vile vidonge vya supu tunavyotupa chunguni vinahesabiwa ndani yake. Mzee mwenye kisukari mara nyingi huambiwa aache bugali kabisa. Anaacha siku mbili, kisha anairudia usiku kwa siri. Afadhali apunguziwe tonge, aongezewe sombe na maharagi yaliyopondwa. Na kama aliwahi kuugua bwaki utotoni, amwambie muuguzi hata asipoulizwa, apimwe presha na sukari mapema.