Mfanya Kazi Akishikwa na Maradhi: Haki Zake na Hati Zake

Watu wengi wafanyao kazi ya mshahara mjini Nairobi huikumbuka vizuri siku waliyoandikwa kazi, lakini hawajui kilicho chao siku watakaposhindwa kuifanya kwa sababu ya ugonjwa. Wengine huondoka kimya kimya. Hufunga mizigo yao, hupanda basi na kurudi kwao, wakidhani kwamba kazi ikiisha na haki imekwisha. Sivyo. Sheria za Kenya zimeweka malipo kadhaa kwa mfanya kazi mgonjwa. Ila kila malipo yana mlango wake, na kila mlango una hati yake na muda wake. Makusudi ya makala haya ni kuieleza milango hiyo mmoja mmoja, na kuonyesha vile vile mahali ambapo hapana mlango.

Twaichagua Gikomba kuwa mfano. Katika soko hilo, lililo kati ya Pumwani na Shauri Moyo kando ya mto Nairobi, wapo wafanya kazi wa kila namna: makarani wa maghala, wapakuzi wa marobota ya mitumba yenye kilo 45 au zaidi, maseremala, washonaji, wauza samaki, na mahamali wa mikokoteni. Wengine wana tajiri awalipaye kwa mwezi, wengine hulipwa kila jioni, na wengine hawana bwana ila nafsi zao. Wakiugua, haki zao si sawa.

FIKIRA YA ZAMANI

Zamani za ukoloni ilidhaniwa kwamba mfanya kazi Mwafrika hahitaji pensheni, kwa kuwa shamba lake ndilo litakalomtunza akizeeka au akiugua. Mwaka 1954 Halmashauri ya Mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, Kamishna wa Kazi, ilisema kwamba mtu hawezi kutulia katika kazi yake mjini bila mambo manne: mshahara utoshao yeye na jamaa yake, kazi ya kudumu, nyumba, na salama ya uzee wake. Miaka 11 ikapita kabla ya Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ijulikanayo na wote kama NSSF, kuundwa mwaka 1965. Hata leo wako wafanya kazi wengi ambao pensheni yao ni shamba tu, na wengine hata shamba hawana.

SIKU ZA KWANZA ZA UGONJWA

Mlango wa kwanza ni wa mwajiri. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kwamba mtu aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo, akiugua, hulipwa mshahara kamili kwa siku zisizopungua 7, kisha nusu ya mshahara kwa siku 7 nyingine, katika kila miezi 12. Masharti ni mawili: ampashe mwajiri habari mapema iwezekanavyo, na alete cheti kilichotiwa sahihi na daktari. Asiyeleta cheti hana la kudai.

Vibarua hudhani kwamba sheria hii haiwahusu. Lakini kibarua aliyemfanyia tajiri mmoja kazi mfululizo hata siku zake zikatimia mwezi, sheria humhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Na akifikisha miezi 2 hupata haki kama wenzake. Shida ni ushahidi. Mpakuzi alipwaye mkononi kila jioni, bila daftari wala karatasi, atathibitishaje siku zake? Na aandike mwenyewe tarehe na malipo, na awajue wenzake watakaoweza kumshuhudia. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

KUUMIA KAZINI

Mlango wa pili ni wa fidia, nao ni mpana kuliko ule wa kwanza. Robota likimwangukia mtu mgongoni, au msumeno ukimkata vidole, au akipata ugonjwa ulioletwa na kazi yenyewe, hushikwa na Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini, nayo ni ya mwaka 2007 vile vile. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hupewa malipo badala ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 12. Aliyeharibika kabisa, asiweze kazi tena, fidia yake huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Aliyepoteza kiungo hupata sehemu ya hayo kwa kadiri ya hasara yake.

Mwajiri apaswa kuiarifu Serikali katika siku 7 baada ya kupata habari ya ajali, na dai lenyewe halina budi kuletwa kabla miezi 12 haijapita. Basi aliyeumia asikubali kupewa nauli na maneno mazuri ili arudi kwao akapone. Mwaka ukipita, haki yake huenda ikapita pamoja nao.

KUACHISHWA KAZI

Mwajiri hakatazwi kumwachisha mtu ambaye afya yake haimruhusu tena kufanya kazi. Lakini sheria yamlazimisha kwanza kumweleza sababu, kwa lugha aifahamuyo, mbele ya mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua, na kuyasikiliza majibu yake. Akiachishwa bila hayo, yafaa aende kwa Ofisa wa Kazi kabla ya miezi 3 kupita, au katika Mahakama ya Kazi kabla ya miaka 3 kupita. Aombe pia cheti cha utumishi chenye tarehe za kuanza na kumaliza kazi, maana hicho ni haki yake wala si hisani.

ULEMAVU WA KUDUMU

Mlango wa tatu ni wa NSSF. Kwa kawaida pensheni yake hungoja mtu afike miaka 60. Lakini mwanachama ambaye madaktari wamethibitisha kwamba mwili au akili yake haimwezeshi kazi tena maisha yake yote, aweza kudai malipo ya ulemavu kabla ya umri huo. Je, atapata kiasi gani? Kwa miaka mingi mfanya kazi alikatwa shilingi 200 na tajiri akaongeza 200, yaani shilingi 48,000 kwa miaka 10, bila faida. Tangu Februari 2023 hukatwa asilimia 6 ya mshahara na mwajiri huongeza sawasawa. Hivyo mwenye mshahara wa shilingi 15,000 huwekewa shilingi 1,800 kwa mwezi, yaani 21,600 kwa mwaka.

Yampasa kila mtu kuuliza hesabu yake NSSF angali mzima. Wako matajiri wakatao fedha bila kuzipeleka, na ni vigumu kwa mgonjwa kuanza kuwafuata.

Watumishi wa Serikali wana njia yao. Walio chini ya sheria ya zamani ya pensheni huchunguzwa na baraza la madaktari, na aliyetimiza miaka 10 ya kazi hupata pensheni. Wengi walio vijana wamo katika mpango mpya ulioanza Januari 2021, ambao wao wenyewe huuchangia.

MAHALI PASIPO MLANGO

Sasa tuchukue mfano wa karani wa ghala aliyeshikwa na kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure katika hospitali za Serikali, lakini kwa kawaida hana budi kuzinywa miezi 6. Tajiri atamlipa siku 14, nusu yake kwa nusu mshahara. Hakuumia kazini, basi fidia hapana. Atapona, basi si mlemavu wa kudumu, na NSSF hapana. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, hulipa hospitali. Hailipi kodi ya nyumba wala unga. Labda mapatano ya chama chake cha wafanya kazi yatampa siku zaidi. Asiye na chama hubaki mikononi mwa jamaa zake. Hili ndilo pengo kubwa katika sheria zetu, na wabunge na vyama wangefanya vema kulitazama.

Seremala au hamali asiye na tajiri yumo katika pengo hilo siku zote, asipojiwekea mwenyewe. Ndiyo sababu ya kuanzishwa kwa mpango wa Mbao mwaka 2011, wa shilingi 20 kwa siku kwa watu wa jua kali, na baadaye mpango wa Haba Haba wa NSSF, wa shilingi 25. Fedha hizo ni kidogo, lakini ni zake.

Basi kila mfanya kazi na aweke pamoja, mahali ambapo mkewe au mtoto wake aweza kupaona, barua ya kuandikwa kazi, nambari ya NSSF, hati za mshahara na vyeti vya daktari. Na akiugua, aende kwa Ofisa wa Kazi kwanza, kabla ya kupanda basi la kurudi nyumbani.