MTEJA AKIAGIZA BOTI: IANDAE HIVI KABLA HAIJAPANDA GARI

Leo naongelea mzigo ambao wengi tunaukimbia. Na hata kama huuzi boti, unauza sofa, kabati au tangi la maji, soma tu, kuna kitu utaondoka nacho.

Mimi nina duka la vifaa vya uvuvi hapa Ifakara. Kamba, maboya, taa za sola. Wateja wengi nawapata WhatsApp. Mwaka juzi mzee mmoja wa upande wa Malinyi aliona status yangu akanipigia: "Mwanangu, hivyo vidogo ninavyo. Nitafutie boti ya faiba."

Nikakubali fasta. Nikaipata Dar, mita 6, mpya kabisa. Nikapata na Fuso iliyokuwa inakuja huku tupu kuchukua mchele, kwa hiyo nauli ilikuwa nafuu. Nikajiona mjanja.

Boti ikafika na ufa chini, mrefu kama mkono wangu.

Kilichotokea ni hiki: waliopakia waliilaza juu ya ubao mmoja katikati ya bodi, halafu wakakaza kamba mbele na nyuma kwa nguvu zote. Dar mpaka Ifakara ni zaidi ya kilomita 400. Kila tuta, kila rasta, boti ilikuwa inapinda juu ya ule ubao. Dereva akaniambia, "Dogo, mimi nimebeba kama nilivyopewa." Na alisema kweli. Mimi sikutoa maelekezo yoyote.

Nikamleta fundi wa faiba kutoka Morogoro. Nauli yake, vifaa na ufundi, 380,000. Faida yangu ilikuwa 250,000. Maana yake nilimuuzia mtu boti kisha nikatoa 130,000 mfukoni. Lakini kilichoniuma zaidi ni kauli ya mzee alipokuja kuichukua: "Mwanangu, mimi sikununua kiraka."

Tangu siku hiyo nimeleta boti tano, zote zimefika salama. Nafanya hivi:

1. PIMA, USIKADIRIE
Chukua urefu, upana na kimo cha boti, halafu pima bodi ya gari lenyewe. Usikubali kuambiwa "inaingia hiyo". Ikitokeza nyuma, funga kitambaa chekundu, na usiku weka kiakisi mwanga. Ikiwa pana kuliko bodi, uliza TANROADS kuhusu kibali kabla ya safari, sio ukiwa umeshasimamishwa. Kumbuka pia magari makubwa yanapita mizani njiani, kama Vigwaza na Mikese. Mwenye gari akichanganya boti na mzigo mwingine mzito, usumbufu utakukuta na wewe.

2. VUA KILA KINACHOVULIWA
Mashine, betri, tangi la mafuta, nanga, makasia. Nanga ikiachwa ndani bila kufungwa ni nyundo, itagonga njia nzima. Mashine imwage petroli yote, isafiri imesimama na imefungwa vizuri. Ikilazimika kulazwa, soma kitabu chake uone inalazwa ubavu upi. Zile za four-stroke ukizilaza ovyo oili inaweza kuingia kwenye silinda.

3. TUMBO LISILALE SEHEMU MOJA
Hapa ndipo nilipopigwa. Boti imetengenezwa ibebwe na maji, na maji yanaishika kila mahali. Ukiilaza juu ya ubao mmoja, uzito wote unakaa pale. Mimi naweka matairi chakavu chini ya mkuku sehemu tatu au nne, halafu ubavuni najaza viroba vya maranda kutoka kwa mafundi seremala. Ukiwa unatoa mzigo huku Ifakara, tumia pumba za mpunga, zimejaa mashineni. Kiroba cha pumba kinafuata umbo la boti chenyewe. Ukimaliza, isukume kwa mikono ubavuni. Ikicheza, bado hujamaliza.

4. KAMBA IPITE JUU YA TAIRI
Kamba ikikazwa mahali ambapo chini hakuna kitu, ndiyo inayopinda boti. Ipitishe usawa ule ule wa tairi lililo chini. Kila inapogusa boti weka kipande cha zulia au boksi, la sivyo itasaga rangi. Funga pia kuzuia boti isiende mbele dereva akishika breki. Halafu mwambie dereva asimame baada ya kilomita 20 hivi akaze tena, maana viroba vinakaa na kamba zinalegea. Arudie Mikumi, kabla hajakata kona kuja Kidatu.

5. MVUA INA UZITO
Boti iliyo wazi ni beseni. Piga hesabu: sakafu ya mita 5 kwa mita 1.2, maji yakifika sentimita 5 tu, ni lita 300. Hizo ni kilo 300 ambazo hazikuwepo ulipofunga kamba. Toa kizibo cha chini kabla ya safari, kifunge kwa kamba ndani ya boti mahali mteja atakiona. Akisahau kukirudisha, atazama bandarini mbele ya watu.

6. YA MBAO INA MASHARTI YAKE
Boti ya mbao na mtumbwi vinaogopa jua na upepo wa barabarani. Mbao zikikauka, maungio yanaachia na gogo linapasuka. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa, na ya kwenye safari ndefu yaloweshwe tena njiani. Ikifika, mteja aiache majini kina kifupi siku moja au mbili mbao zivimbe, kisha akague kalafati kabla ya kupakia watu. Na kwa kuwa ni mti, pita ofisi ya TFS uulize kama unahitaji hati ya kusafirishia.

7. PICHA NA KARATASI
Piga picha boti kabla ya kupakiwa, ikiwa juu ya gari imefungwa, na ikishushwa. Andikishaneni na mwenye gari nani analipa ikivunjika. Risiti ya EFD iende na mzigo.

Haya yote yana gharama. Matairi, viroba, kamba na vibarua vinanitoka kama 60,000 kwa boti moja. Sijifanyi sizioni tena, naziweka kwenye bei na namwambia mteja mapema. Wapo wanaonikimbia kwa sababu hiyo. Sawa tu. 60,000 ni ndogo kuliko 380,000.

Mwaka jana nilipigiwa na kijana mmoja, ametumwa na yule yule mzee. Nikafurahi. Akaniambia, "Mzee amesema wewe ni mtu mzuri, ila nisimalizie hela mpaka nione picha ya boti ikiwa juu ya gari."

Nikamtumia picha nane. Jioni akamalizia hela.

Ukiwa na mwenzako anayeuza mizigo mikubwa, mtumie hii kabla hajalipa ada niliyolipa mimi.