Kwa nini ndizi haina mbegu? Hesabu ya 22, 33 na 44

Wadau, leo tuache kidogo siasa na Simba na Yanga. Umekula ndizi maisha yako yote, ulishawahi kung'ata mbegu? Ikate katikati, utaona vidoa vyeusi. Hizo ni mbegu zilizoshindwa kuwa mbegu, na kisa kikubwa ni hesabu.

Kila seli ya mmea ina nyuzi zinazobeba urithi, kromosomu (tulizikariri form three, tukazisahau baada ya mtihani). Zinakaa kwa seti, na kwa mgomba seti moja ni 11. Mgomba pori una seti mbili, 22. Ukitengeneza chavua au yai, zinajipanga mbili mbili halafu kila upande unabeba 11. Baba 11, mama 11, mtoto 22. Safi kabisa, na tunda linajaa mbegu ngumu mpaka hupati pa kung'ata.

Sasa ndizi za Bukoba zina seti tatu, 33. Kila aina ya kromosomu ziko tatu, utazigawaje pande mbili? Huku moja, kule mbili, na kwa aina zote 11 mgawo unaenda ovyo. Yai linatoka na hesabu isiyoeleweka, linakufa. Kisukari na mzuzu nao ni 33. Ndiyo yaleyale ya nyumbu (siyo wa Serengeti jamani, yule mtoto wa punda na farasi): punda 62, farasi 64, yeye 63, na hazai.

Bahati yetu mgomba unanenepesha tunda hata bila mbegu. Sisi tunapanda machipukizi, kama huku Goba mtu anavyoomba kwa jirani akapande pale yanapotokea maji ya bafuni. Ila chipukizi ni nakala ya mama yake. Ugonjwa ukimweza mmoja, umewaweza wote. Kule Kagera na Uganda kuna sigatoka nyeusi, inakausha majani, mkungu unakuwa kiduchu. Na huko ndizi siyo kitafunwa, ni chakula chenyewe.

Utazalishaje mbegu mpya kwa mmea usiozaa? Watafiti wa NARO ya Uganda na IITA walichukua chavua ya mgomba pori uitwao Calcutta 4 wakaipaka kwa mkono, asubuhi, kwenye maua ya ndizi za matoke. Mkungu mzima unaweza usitoe hata mbegu moja. Lakini mara chache yai la mama linatoka bila kugawanyika, na 33 zake zote. Jumlisha 11 za baba: 44. Huyo wa 44 anagawanyika vizuri, 22 kwa 22. Wakamzalisha na mwenye 22 anayetoa 11, ikarudi 33. Yaani wamehangaika miaka yote hiyo wapate mtoto tasa tena! Ndicho walichotaka, maana nani atanunua ndizi yenye mbegu? Uganda ilitoa Kiwangaazi mwaka 2010, na Tanzania ikapitisha TARIBAN nne mwaka 2021.

Mbegu zenyewe haziaminiki kwenye udongo. Kiinitete kinatolewa ndani na kukuzwa kwenye chupa maabara.

Kazi ngumu zaidi naona ni mchare, ndizi ya mtori. Huyu ana 22, ungetegemea azae bila shida. Wapi! Vipande vya kromosomu zake vilishahamahama zamani, ya baba na ya mama hazilingani vizuri, kwa hiyo kujipanga ni vurugu. Namba shufwa peke yake haitoshi. Na mnyauko wa Panama, uleule uliofuta mashamba ya Gros Michel Amerika ya Kati, unaua mchare pia. Ndiyo maana IITA na TARI wanahangaika nao Arusha.

Mdau wa Maruku au Tengeru uliyeshaonja TARIBAN, tuambie ukweli: ukipika inalainika, au inabaki ngumu kama kiazi kibichi?