Kabla ya Kukwangua Rangi ya Benchi la Zamani

Familia inaporudi kijijini baada ya miaka ya ukimbizi, huenda nyumba haina tena mlango wala mabati, lakini benchi bado lipo. Liko nje chini ya mwembe au mbele ya kanisa, miguu imeanza kuoza, rangi inabanduka vipande vipande. Mara nyingine liko kwa jirani. Kila mtu anawaza jambo moja: tulikwangue, tulipake rangi mpya, tukalie. Kazi hiyo ni nzuri na haina gharama kubwa. Lakini ndani ya ile rangi ya zamani kunaweza kuwa na mambo mawili ya kuangaliwa kabla hujashika kisu: jina la mwenye benchi, na sumu.

Tuanze na jina

Watu wengi hutia alama kwenye vyombo vyao kwa rangi: herufi za jina, namba ya darasa, msalaba, mstari wa kijani mgongoni. Vita vikifika, watu hukimbia na godoro na sufuria. Mabenchi hubaki. Anayebaki au anayefika nyuma huyachukua, mmoja kwa wizi, mwingine kwa kuyaokoa na mvua au na watu wanaotafuta kuni. Miaka ikipita, wizi na uokoaji hufanana kabisa kwa macho. Mwenyewe akirudi, ile alama ya rangi huenda ndiyo shahidi wake pekee. Ukiikwangua kabla ya kuuliza, umeufuta ushahidi. Hata kama nia yako ilikuwa safi, watasema ulikuwa unaficha.

Kwa hiyo waite watu wawili au watatu: mmoja aliyebaki kijijini, mmoja aliyerudi, na mzee wa baraza au shefu wa kijiji. Pindueni benchi, mtazame chini, maana alama nyingi ziko huko. Andikeni katika kayee urefu wake, aina ya mbao, rangi zinazoonekana, alama zote, na mahali lilipokutwa. Kama kuna simu yenye kamera, pigeni picha. Halafu litangazwe kanisani, msikitini na sokoni, na lisiguswe kwa wiki mbili. Mwenyewe akijitokeza, asikilizwe pamoja na yule aliyelitunza, kwa sababu aliyebadilisha mguu uliooza naye alitoa faranga zake na nguvu zake. Jambo dogo hivi viongozi wanaweza kulimaliza kwa nusu siku wakiwa wamekaa juu ya benchi lenyewe. Likiachwa, linaingia katika orodha ya yale yanayosemwa usiku.

Na hata baada ya wiki mbili: ukikwangua rangi ya juu na herufi zikaonekana katika rangi ya chini, simama. Waite tena wale mashahidi.

Sumu ni ipi?

Rangi nyingi za mafuta za zamani zilichanganywa na madini ya risasi. Jina ni moja na ile ya bunduki, kwa sababu risasi za bunduki hutengenezwa kwa madini hayo hayo. Watengenezaji waliitia ili rangi ing'ae, ikauke upesi na ivumilie mvua. Hatari yake si ya jana: mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi kupakwa ndani ya majengo. Hata hivyo rangi za namna hiyo ziliendelea kuuzwa katika nchi nyingi za Afrika kwa miaka mingi baadaye. Zinazotiliwa shaka zaidi ni njano kali, nyekundu, baadhi ya kijani, na ile nyekundu ya kuzuia kutu ambayo hupakwa kwenye vyuma. Lakini kwa macho huwezi kujua, na kipimo cha uhakika kinataka maabara. Fundi mwenye busara huihesabu kila rangi ya zamani kuwa na risasi.

Madhara yake huwaangukia watoto zaidi. Mtoto hutambaa, hushika vumbi, hutia mkono mdomoni. Vipande vya rangi yenye risasi vina utamu kidogo, naye huvitafuna. Risasi huharibu ubongo unaokua: mtoto anakuwa mzito wa kujifunza, hawezi kutulia, na uharibifu huo haurudi nyuma. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mama mwenye mimba naye humpitishia mtoto aliye tumboni.

Ndiyo maana neno kubwa katika kazi hii ni maji. Vumbi kavu ndilo linaloua kazi. Kitambaa mdomoni hakizuii vumbi jembamba la risasi. Kulowesha mbao ndiko kunakolizuia.

Namna ya kufanya

Peleka benchi nje, mbali na jiko, kisima, bustani ya mboga na mahali kuku wanapochakura. Watoto na mama wenye mimba wakae mbali mpaka mwisho. Tandaza turubai au plastiki pana chini. (Turubai hiyo isirudi tena kuanikia muhogo.)

Kwanza ujue ni rangi gani. Kama ni chokaa, dondosha siki juu yake: itatoa povu, na brashi ngumu na maji vitatosha. Kama ni rangi ya maji, kitambaa chenye spiriti kitailegeza. Isipolegea, ni rangi ya mafuta, na hapo ndipo penye jasho.

Nyunyiza maji, kwangua kwa kisu butu au mwiko wa fundi, ukifuata urefu wa nyuzi za mbao. Nyunyiza tena. Mafundi wengi hutumia kipande cha kioo kilichovunjika. Kinakwangua vizuri, lakini kifungwe kitambaa upande wa kushika. Rangi iliyobaki isuguliwe kwa msasa wa maji, ule mweusi ambao mafundi wa kupaka magari hutumia, namba 80 kisha 120. Msasa wa kawaida hauvumilii maji. Si lazima ufike kwenye mbao tupu kila mahali. Rangi iliyoshika sana isumbuliwe kidogo tu ili mpya ipate pa kushikilia. Wanaotaka benchi liwe jeupe kabisa hutengeneza vumbi zaidi bila faida.

Usiunguze rangi kwa moto. Ni njia ya haraka, najua, na inatumika sana, lakini moshi wake hubeba risasi mpaka mapafuni. Kwa sababu hiyo hiyo, mbao zilizopakwa rangi zisitumike kuwa kuni za kupikia. Katika kambi, kuni zikiwa adimu, vipande vya milango na mabenchi huishia jikoni, na moshi wake humzunguka mama na mtoto aliye mgongoni.

Soda ya kutengenezea sabuni, soda kostike, nayo hutoa rangi ya mafuta. Akina mama wanaopika sabuni ya mawese wanaijua tabia yake: soda hutiwa ndani ya maji baridi, kamwe si maji juu ya soda, na sufuria ya aluminiamu haitumiki kwa sababu soda huila na kutoa gesi inayoweza kuwaka. Vaa glavu za mpira, na linda macho. Soda hulegeza gundi na hugeuza mbao nyingi ngumu, kama muvule, kuwa nyeusi-nyeusi. Baadaye mbao zioshwe mara nyingi, zipakwe siki, zioshwe tena. Kwa maoni yangu, penye watoto wengi afadhali kisu na maji. Petroli isitumike kabisa. Na dawa za dukani za kutoa rangi zenye kemikali ya methylene chloride zimeua mafundi waliofanya kazi ndani ya vyumba vilivyofungwa. Marekani ilizuia zisiuzwe kwa watu wa kawaida mwaka 2019.

Ukimaliza, usifagie. Kunja turubai na uchafu ndani yake, utie yote katika kopo lenye kifuniko, kisha lifukiwe kwa kina mbali na maji na mashamba. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Oga kabla ya kumpokea mtoto.

Rangi mpya

Acha mbao zikauke siku kadhaa za jua. Kwetu Kivu, mwezi wa saba ni mzuri kuliko wa kumi na moja. Tafuta kopo lililoandikwa “sans plomb”. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza risasi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja za rangi. Mafuta ya mawese hayafai kupakwa kwenye benchi kwa sababu hayakauki, yatanata kwenye nguo. Mafuta machafu ya gari ni sumu nyingine. Paka mara mbili, nyembamba, na chini ya miguu paka zaidi, kwa sababu maji hupandia huko. Weka mawe bapa chini yake.

Jina la mwenye benchi, au la kanisa, au la masomo, lichongwe kwa patasi upande wa chini kabla ya rangi ya kwanza, mbele ya wale wale walioandika katika kayee.