Ajira za Migodini: Haki na Wajibu wa Mkazi wa Kijiji Kinachozunguka Mgodi

Mgodi mkubwa unapoanza kujengwa, matumaini ya kwanza ya wakazi wa vijiji vinavyouzunguka huwa ni ajira. Matumaini hayo yana msingi wa kisheria. Hata hivyo, katika maeneo mengi ya uchimbaji husikika swali lile lile: ikiwa madini yanatoka katika ardhi ya hapa, kwa nini kijana wa hapa anabaki nje ya geti?

Jibu linaanzia katika Sheria ya Madini, Sura ya 123, iliyotungwa mwaka 2010. Sheria hiyo inamtaka mwombaji wa leseni maalumu ya uchimbaji, inayotolewa kwa miradi yenye mtaji usiopungua Dola za Marekani milioni 100, kuambatisha katika maombi yake mpango wa kuajiri na kufundisha Watanzania, pamoja na mpango wa kurithisha nafasi zinazoshikwa na wageni. Ajira kwa wazawa, kwa hiyo, ni ahadi inayotolewa kabla ya leseni kutolewa, na mwekezaji anapaswa kuitekeleza.

Marekebisho ya mwaka 2017 yaliongeza nguvu ya ahadi hiyo. Yalianzisha Tume ya Madini na kuipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni zenye leseni ya uchimbaji wa kati na mkubwa, hisa ambazo hazipungui hata mtaji wa kampuni unapoongezeka. Kwa msingi huo, Serikali na Kampuni ya Barrick ziliunda Twiga Minerals, ambayo Barrick inamiliki asilimia 84, na mwezi Januari 2021 Serikali ilisaini makubaliano yaliyozaa Kampuni ya Tembo Nickel kwa ajili ya mradi wa Kabanga, wilayani Ngara. Katika miradi hiyo Serikali ni msimamizi na pia mbia.

Utekelezaji wa kila siku unaongozwa na Kanuni za Ushirikishwaji wa Watanzania katika Sekta ya Madini za mwaka 2018, pamoja na marekebisho yake. Kila kampuni huwasilisha kwa Tume ya Madini mpango wa ushirikishwaji, ikiwemo sehemu inayohusu ajira na mafunzo. Nafasi za ngazi ya chini na ya kati, ikiwemo usimamizi wa mafundi, ni za Watanzania. Pale ambapo mgeni ameajiriwa kwa kukosekana mzawa mwenye ujuzi, kampuni inapaswa kuonesha Mtanzania anayeandaliwa kushika nafasi hiyo na namna atakavyofundishwa.

Hapo ndipo wananchi wengi hukosa kuelewana na kampuni. Kigezo kikuu cha Kanuni ni uraia. Mtanzania anayetoka Kigoma na mkazi wa Kakola, jirani na Mgodi wa Bulyanhulu, wote wanakidhi kigezo hicho, na kinachowatofautisha katika usaili ni ujuzi na cheti. Uchimbaji wa kisasa unahitaji mafundi umeme, mafundi mitambo, waendeshaji wa mashine nzito na wataalamu wa maabara. Kijana asiye na fani mara nyingi hupata kibarua cha ujenzi, na kibarua hicho huisha mgodi unapoanza uzalishaji, wakati mahitaji ya nguvu kazi isiyo na ujuzi yanapopungua.

Pengo hilo linaweza kuzibwa kupitia halmashauri. Kifungu cha 105 cha Sheria kinaitaka kampuni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, unaozingatia vipaumbele vya jamii inayozunguka mgodi na kuridhiwa na halmashauri husika. Halmashauri ina wajibu wa kuandaa mwongozo, kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo. Sheria haikufunga orodha ya miradi kuwa madarasa na zahanati pekee. Kijiji kinachotaka vijana wake wasomeshwe ufundi kinaweza kuliwasilisha ombi hilo kama kipaumbele, sawa na kinachoomba kisima. Ushirikiano wa aina hiyo si mgeni nchini, kwani kampuni za migodi zimewahi kushirikiana na VETA katika chuo chake cha Moshi kuandaa mafundi wa migodini.

Muda nao una uzito wake. Mgodi wa Buzwagi, wilayani Kahama, ulihitimisha uzalishaji mwaka 2021, na eneo lake likapangiwa matumizi mapya ya kiuchumi. Mgodi unapofungwa, ushuru wa huduma unaolipwa kwa halmashauri hukoma, na ajira za mgodini huisha. Fundi umeme aliyefundishwa huweza kuajiriwa kiwandani au kujiajiri mjini, wakati aliyetegemea kibarua hurudi alikoanzia.

Wananchi wanaoishi jirani na migodi wanashauriwa kuchukua hatua mapema: kuhudhuria mikutano mikuu ya vijiji ambako vipaumbele huibuliwa, kumtaka diwani kueleza maudhui ya mpango ulioridhiwa na hatua uliyofikia, na kujiunga na mafunzo ya ufundi stadi. Wenye ujuzi walioupata kazini bila kupitia darasani wanaweza kuomba VETA iwapime na kuwapatia vyeti. Malalamiko kuhusu nafasi za wazawa zinazoshikwa na wageni yanapaswa kufikishwa kwa Afisa Madini Mkazi wa eneo husika, ambaye huwakilisha Tume ya Madini, yakiwa na maelezo ya nafasi inayolalamikiwa ili yaweze kulinganishwa na mpango ambao kampuni yenyewe iliuwasilisha.