Vidonge vya zinki na kichomi cha watoto: tusichanganye mambo



Alasiri moja nilikuwa nafunga daftari la wagonjwa katika zahanati huku Songwa, wilayani Kishapu, akaingia mama na mtoto wa miezi kumi na moja mgongoni. Mtoto alikuwa akipumua mbio mbio, na kila alipovuta pumzi sehemu ya chini ya kifua ilibonyea ndani. Nikahesabu: pumzi 66 kwa dakika. Nikamuuliza mama amempa nini. Akajibu, "Daktari, leo siku ya nne nampa zinki, lakini kikohozi hakishuki." Vidonge vilibaki kwa kaka yake mtoto, aliyeharisha mwezi uliotangulia. Alhamdulillahi mtoto alipona, lakini baada ya kukimbizwa hospitali, akalazwa na kuwekewa oksijeni.

Mama huyu hakuwa mzembe. Aliambiwa kwamba zinki inaongeza kinga ya mtoto, na hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba alipewa nusu ya habari.

Zinki ni madini ambayo mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo sana. Mtoto wa kati ya miezi 7 na miaka 3 anahitaji kama miligramu 3 kwa siku. Kazi yake ni kuimarisha ngozi laini ya ndani ya pua, njia ya hewa na utumbo, na kuziwezesha chembe nyeupe za damu kuongezeka pindi vijidudu vinapoingia. Mwili hauna ghala kubwa la kuiweka, hivyo ni lazima ipatikane mara kwa mara katika chakula. Mtoto aliyepungukiwa huharisha kwa muda mrefu, hukua polepole, na mafua ambayo kwa mwenzake yangeishia puani, kwake huweza kushuka hadi mapafuni.

Sasa tutazame sahani zetu. Ugali wa mahindi au mtama, mlenda, na asubuhi michembe. Tumbo linajaa, lakini nafaka na kunde zina kitu kiitwacho fitati, ambacho huishika zinki tumboni ikapita bila kufyonzwa. Simaanishi tuache dona. Loweka choroko na maharage usiku kucha, umwage yale maji. Mpe mtoto uji wa unga uliochachushwa au wa kimea, kwani kuchachusha na kuotesha hupunguza fitati. Dagaa wa Ziwa Viktoria wanauzwa hadi magulioni kwetu. Waoshe mchanga, wakaange bila mafuta, uwatwange na kuchanganya kijiko kwenye uji. Yai, maini na nyama ni bora zaidi. Na hapa niseme na akina baba: nyama ikipikwa, hata ile ya Idd, baba anawekewa minofu na mtoto anachovyewa mchuzi. Zinki nyingi imebaki kwenye mnofu! Mkatie vipande vidogo vidogo, au uisage.

Maziwa ya mama zinki yake hufyonzwa vizuri, lakini hupungua kadiri miezi inavyokwenda, na baada ya miezi sita hayatoshi peke yake. Ile miaka miwili ya kunyonyesha iliyotajwa katika Suratul Baqarah tuitimize, pamoja na chakula hicho.

Wengine huuliza, kwa nini mtoto asipimwe damu tukajua? Kipimo hiki kina mtego. Mwili ukishambuliwa na maradhi huiondoa zinki kwenye damu na kuipeleka kwenye ini. Kwa hiyo mtoto mwenye kichomi kikali akikutwa na zinki ndogo, huenda upungufu ndio uliomdhoofisha, na huenda ugonjwa wenyewe ndio ulioishusha.

Ndiyo maana wataalamu waliamua kuwapa watoto zinki na kuwafuatilia. Dar es Salaam, watoto wachanga 2,400 walifuatiliwa kwa miezi 18, na majibu yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kuwa waliopewa zinki kila siku walipungukiwa kidogo na kuharisha pamoja na mafua na maradhi ya koo. Kisiwani Pemba, watoto zaidi ya 40,000 waliingizwa katika utafiti uliotolewa mwaka 2007, na vifo havikupungua kwa kiasi cha kutegemewa. Hao walikuwa bado majumbani. Kwa waliokwisha kuugua, Muhimbili ililinganisha watoto 94 wenye nimonia, majibu yakatoka mwaka 2014: waliopewa zinki hawakutoka wodini mapema kuliko wenzao. Mulago, Kampala, kwa watoto 352 wenye nimonia kali (2012), waliopewa zinki juu ya antibiotiki walikufa wachache zaidi, hususan wenye virusi vya UKIMWI, ingawa kupona hakukuharakishwa. Hata hapo Mulago, kila mtoto alipewa antibiotiki. Hakuna aliyetibiwa kwa zinki peke yake.

Mahali ambapo zinki imethibitika ni kwenye kuharisha. Tangu mwaka 2004 WHO na UNICEF wanaelekeza itolewe pamoja na maji ya chumvichumvi kwa siku 10 hadi 14, hata kama choo kimeshakaza. Ukitazama vizuri, vile vidonge vya yule mama havikupaswa kubaki. Kaka mtu hakumaliza dozi yake.

Kwa kikohozi, hesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Mpandishe shati, utazame kifua kwa dakika nzima kwa saa au simu. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 12, ni 50. Mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Ukifikia hesabu hiyo, au kifua kinabonyea, au mtoto hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea hazinduki, mpeleke saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Njoo na kadi ya kliniki, tuone kama chanjo zake zimekamilika, na uje na vidonge vyote ulivyokwisha kumpa.